Mashati Yamepiga Chafya

Mtoto alikuwa na siku ishirini na nne tu duniani, lakini tayari alikuwa na masharti kama mwenye nyumba. Kitandani halali. Mgongoni halali. Kifuani pa baba yake halali, ingawa baba wa watu alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Alilala mahali pamoja tu: ndani ya kapu, kapu likiwa sakafuni kando ya cherehani, na cherehani ikienda. Pedeli ikisimama kwa muda, macho kodo, na kilio juu.

Kwa bahati, au tuseme kwa balaa, mama yake alikuwa fundi wa kushona. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata muuza mkaa ambaye hajawahi kushonewa kitu. Mwezi huo alikuwa na kazi ya mashati ya shule, ya shule ile ile walikosoma wanawe wawili wakubwa. Kwa hiyo mtoto alilala mama akishona, na mama alishona ili mtoto alale. Ukiuliza yeye mwenyewe alilala saa ngapi, basi wewe hujawahi kukaa nyumba yenye kichanga.

Makapu yalikuwa mawili, yamenunuliwa siku moja kwa mtu mmoja, kila moja na mikono miwili. Moja la mashati yaliyokwisha, moja la mtoto. Chini yametandikwa shuka, na juu yamefunikwa kitambaa cheupe chepesi cha kuzuia vumbi na nzi. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimoja, Fundi alikikata katikati. Nayasema haya mapema ili baadaye usije ukasema nilikuficha.

Kila asubuhi kapu la mashati lilibebwa na wanawe, huyu mkono huu, yule mkono ule, mpaka kwa karani wa shule. Mkubwa alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimwita Bibie, maana tangu ajue kusema alikuwa akizunguka nyumbani mikono kiunoni akitoa amri. Mdogo wake, wa miaka saba, jina lake lilikuwa Maswali, na sina haja ya kueleza kwa nini. Kichanga kilikuwa bado hakina jina, wazazi walikuwa hawajakubaliana. Kwa sasa aliitwa Mgeni.

Tangu Mgeni afike, Bibie alikuwa mtu mzima. Alfajiri anafua nepi, anachemsha chai, anamtafutia Maswali soksi. Jioni wenzake wakija mlangoni na kamba yao, "Bibie, njoo turuke!" aliwajibu bila kutoka, "Sina nafasi, jamani, nina mtoto." Watu wazima waliomsikia walicheka. Fundi naye alicheka, siku za mwanzo.

*

Shangazi alishuka basi siku ya Jumatatu, na mfuko wa sabuni, na vitambaa vya mtoto, na shauri ambalo hakulitoa mpaka Jumanne jioni. Alikuwa dada mkubwa wa baba watoto. Alikuwa amefua mashuka ya hoteli miaka ishirini na sita, mikono yake hata sasa ilikuwa myeupe kwenye viganja. Mume alifariki, watoto walioa na kuolewa, kila mmoja na kwake.

Walikuwa wamemaliza kula. Baba watoto, ambaye alikuwa mwashi, ananyoosha miguu yenye saruji kavu kwenye vifundo. Fundi yuko kwenye cherehani, maana Mgeni amelala na pedeli lazima iende.

"Wifi," Shangazi alisema, "nimekutazama siku mbili hizi. Unajimaliza."

"Tuko sawa, wifi."

"Uko sawa wapi? Jana umetia chumvi kwenye chai. Nimeinywa kwa heshima tu." Mwashi alitaka kucheka, akaona si mahali pake. "Nisikilizeni. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na sauti moja, yangu. Nipeni Bibie. Mwaka mmoja tu, mpaka huyu Mgeni asimame dede. Shule ipo, atakula, atasoma. Hapa mtakuwa mmepunguza mdomo mmoja na kichwa kimoja cha kusuka."

Pedeli iliendelea. Fundi alikuwa anashona kola, na kola si kitu cha kushona huku unatetemeka.

"Dada hasemi vibaya," Mwashi alisema polepole, akitazama vidole vyake vya miguu. "Mwaka si mwingi, Mama Bibie."

Fundi alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma tangu asubuhi, Maswali alikuwa hajaoga siku ya pili, na mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa amelea wanne. Nani angembishia?

"Acha nifikiri, wifi," alisema.

Nyuma ya pazia la chumba cha watoto, Bibie alikuwa macho, amekumbatia magoti. Alilisikia shauri lote. Lakini lililomchoma lilikuwa lile la mwisho, la mama yake.

*

Jumatano Mwashi aliondoka alfajiri kama kawaida. Shangazi alichukua mfuko akaenda sokoni kabla jua halijakali. Watoto walikuwa wanakunywa chai. Fundi alitia kifungo cha mwisho kwenye shati la kumi na nane, akalikunja, akaliweka kwenye kapu, akalifunika. Kisha akaona uzi umetapakaa sakafuni, akasukuma makapu kwa mguu ili afagie, hili huku, lile kule. Alipofagia, hakuyarudisha.

Akakaa tena, akaipeleka pedeli bila kitu, kwa ajili ya Mgeni tu. Akalaza kichwa kwenye mkono wa cherehani. Nitafumba macho kidogo, alijiambia, mpaka Bibie aage.

Hakumsikia Bibie akiaga. Hakusikia mlango. Hakusikia kitu chochote mpaka mkono ulipomshika bega.

"Wifi. Wifi! Mtoto umempa nani?"

"Nani?" Fundi aliruka. "Yuko kwenye kapu."

Shangazi alikuwa ameshika kitambaa cheupe mkononi. Kapuni kulikuwa na mashati kumi na nane, yamekunjwa vizuri, kola juu.

Kwa muda Fundi alishindwa kuelewa macho yake. Aliingiza mikono yote miwili, akayapekua mashati moja moja, kana kwamba mtoto angeweza kukunjwa katikati yao. Kisha akakumbuka ufagio, na mguu wake ukisukuma makapu.

"Wamembeba," alisema. "Wamembeba wakidhani ni mashati. Mungu wangu, wifi, na mle njiani huwa wanaliweka chini!"

Alitoka mbio. Ndala moja ilikatika pale pale mlangoni, akaiacha, akakimbia na moja. Muuza mkaa akauliza, "Fundi, kuna nini?" asijibiwe. Barabara ya shule ni ya mwendo wa dakika kumi. Siku hiyo aliiona ndefu kama safari ya kuhama. Kila shimo alilitazama. Kila gari lililopita lilimpasua moyo. Nyuma yake Shangazi alikuja akihema, kapu la mashati kichwani, maana hata katika msiba mwanamke aliyefanya kazi miaka ishirini na sita haachi kazi ya watu nyuma.

*

Fundi alimwona kutoka getini. Kwenye benchi la baraza, nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, Bibie alikuwa amekaa wima, Mgeni mikononi, kapu miguuni. Mgeni alikuwa ananyonya kifundo cha kidole cha dada yake kwa bidii zote. Karani alikuwa amesimama hatua tatu mbali, mikono hewani.

"Hataki kumpa mtu," karani alilalamika. "Nimemwomba, nimemwamuru. Anasema mpaka Mama aje."

Fundi alimpokea mtoto, akampapasa kichwa, mikono, miguu, kidole kwa kidole. Mzima. Akajitupa kwenye benchi. Mgeni alipoisikia harufu ya mama yake alipaza sauti, na maziwa yakachuruzika yenyewe, yakalowesha gauni kifuani kote. Madirishani mwa darasa vichwa vilijaa. "Ana ndala moja!" mmoja alisema, na kicheko kikapita.

Mwalimu Mkuu alitoka. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Mama Bibie, hapa ni shule, si wodi ya wazazi. Tumesubiri mashati, tumeletewa mtoto. Ingekuwa gari limewapitia njiani, mngesemaje? Shule ingesemaje?"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kama kazi imekuzidi, sema. Mafundi wamejaa mjini."

"Haijanizidi, Mwalimu. Tuko sawa. Ni bahati mbaya tu."

"Tuko sawa, Mwalimu," Bibie akadakia, kwa sauti ile ile, hata kichwa amekiinamisha vile vile. "Ni bahati mbaya tu."

Fundi akageuka kumtazama. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imetoka kwenye kinywa cha mtoto wa miaka tisa, na aliisikia ilivyo. Wakati huo Shangazi naye alikuwa amefika, ametua kapu, ameegemea nguzo.

"Sisi hatuko sawa," alisema Maswali, ambaye mpaka hapo alikuwa amejificha nyuma ya benchi. "Dada amenipiga kofi. Na mimi nilisema kweli."

"Kweli gani?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Mashati yalipiga chafya."

Karani alifunika mdomo.

"Tulipofika kwa yule anayechomelea mageti, tukaliweka kapu chini tubadilishane mikono. Mashati yakapiga chafya. Nikasema, Dada, mashati yamepiga chafya. Akanipiga kofi, akasema mashati hayapigi chafya. Yakapiga tena." Maswali alipumua. "Tukafunua. Tukamkuta Mgeni. Ananiangalia hivi. Mwalimu, kwa nini watoto wachanga hawapigi kelele wakibebwa kwenye kapu?"

Fundi alikuwa hasikilizi tena. Kwa mchomeleaji ni mwanzo wa barabara. Nyumbani kunaonekana.

"Mlijua tangu pale?" alimuuliza Bibie. "Mlijua, hamkurudi? Kwa nini, mwanangu?"

Bibie alitazama sakafu.

"Ulikuwa umelala, Mama."

"Basi ungeniamsha!"

"Sijakuona ukilala tangu Mgeni aje. Hata siku moja." Sasa maneno yalitoka yote kwa pamoja. "Nikasema tukirudi atalia, utaamka. Na Shangazi atakuwa ametoka sokoni, ataona. Atasema umeshindwa, na nyinyi mtanipeleka. Nilitaka nimwambie karani mashati yatakuja kesho. Halafu nikae na Mgeni nyuma ya choo mpaka kengele ya chai, nimrudishe kabla hujaamka. Nilimbeba vizuri, Mama. Kapu nililiinua mimi zaidi, Maswali nilimwachia kidogo tu." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nikienda kwa Shangazi, nepi za Mgeni atafua nani?"

Karani aliondoa mkono mdomoni.

Fundi alilia. Hakujificha, hakugeuka ukutani; alilia mbele ya karani, mbele ya wifi yake, mbele ya darasa la nne zima, mtoto mmoja kifuani na mwingine amemvutia ubavuni. Alimwonea huruma mwanawe, na alijionea haya. Alikuwa amemfundisha nini mtoto huyu? Kufua, kupika chai, na kusema tuko sawa.

"Mwalimu," alisema alipopata sauti, "nimekudanganya. Hatuko sawa. Mashati yako kumi na nane haya hapa, na kesho utapata mengine, kazi naiweza. Lakini nimechoka. Nimechoka sana, na nilikuwa naona aibu kusema."

Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akaivua. "Ingia ofisini kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Umnyonyeshe kwanza. Karani, shusha pazia." Kisha akawageukia wa madirishani. "Na nyinyi mnatazama nini? Hamjawahi kuona mtoto?" Alipomfungulia Fundi mlango aliongeza, "Mtoto wangu wa tatu ndiye aliyeniotesha mvi mimi. Kaa mpaka ashibe."

*

Walirudi wawili, wifi na wifi, kapu katikati yao, huyu mkono huu, yule mkono ule, Mgeni ndani amelewa maziwa. Fundi alikuwa amevaa kandambili za karani. Walipita kwa mchomeleaji. Shangazi ndiye aliyeanza.

"Leo ni siku ya ngapi tangu nije?"

"Ya tatu, wifi."

"Na wahenga walisemaje? Mgeni siku mbili..."

"Ya tatu mpe jembe." Fundi alitabasamu bila kutaka. "Jembe sina, wifi. Nina nepi."

"Nepi nazijua kuliko jembe."

Walitembea hatua chache. Fundi akasimama, na kwa kuwa kapu lilikuwa moja, Shangazi naye akasimama.

"Bibie haendi, wifi. Jana nilisema acha nifikiri, na alinisikia. Nimeshafikiri. Jioni nitamwambia na baba yake. Naomba usinikasirikie."

Shangazi hakumtazama. Alirekebisha kitambaa cheupe, ingawa kilikuwa hakijakaa vibaya.

"Nilisema nimekuja kukusaidia," alisema. "Nilijidanganya hata mwenyewe. Mtu anayekuja kusaidia habebi msaidizi wa nyumba akaondoka naye. Nilikuwa natafuta sauti, wifi. Jioni kule kwangu nasikia saa ya ukutani tu."

"Basi kaa kwetu. Kaa mpaka huyu asimame dede, ukipenda. Sauti zipo tele. Ya Maswali nakupa bure, uondoke nayo."

"Hiyo hapana," Shangazi alisema. "Hiyo baki nayo." Wakacheka wote wawili, mpaka kapu likatikisika, mpaka mchomeleaji kule nyuma akainua kioo chake kuwatazama.

*

Shangazi alimpeleka Fundi kitandani kama mtoto, akamfunika, akafunga dirisha. "Lala. Nikikuona macho nitakuchapa, mimi ni mkubwa kwako." Fundi alitaka kusema Mgeni hatalala bila cherehani, lakini alisinzia kabla sentensi haijafika mwisho.

Alipoamka jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba. Ziwa moja lilikuwa limejaa, linauma. Kitu cha kwanza alichokisikia ni pedeli. Aliinuka kwa hofu. Nani anashona? Mashati ya watu hayo! Shangazi hajui hata kutunga uzi.

Alichungulia. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu yote miwili kwenye pedeli, anasukuma kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto. Sindano ilikuwa haina uzi. Chini yake hapakuwa na kitambaa chochote. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na sakafuni, ndani ya kapu, Mgeni amelala, ngumi zote mbili juu kama aliyeshinda kesi. Nepi zilikuwa kwenye kamba uani, zimepangwa kwa ukubwa, kama mashuka ya hoteli. Maswali alikuwa ameketi kando ya kapu, kitambaa amekikunja pembeni, analinda.

"Usiguse," alimnong'oneza mama yake. "Huyu ndiye. Nimehakikisha."

"Na dada yako yuko wapi?"

Shangazi hakusimamisha pedeli. Alielekeza kidevu mlangoni.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, wasichana wawili walikuwa wanazungusha kamba, na Bibie yuko katikati. Sare amevua, gauni amelichomeka kwenye chupi kama wenzake, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya juu, sauti ya kitoto kabisa. Alifika thelathini na nane, akajikwaa, akapiga kelele kwamba hawakuzungusha sawa, akabishana, akashinda ubishi, akaanza tena moja.

Fundi alisimama mlangoni kwa muda, mkono kwenye ziwa lililojaa. Chai ya jioni ilikuwa haijapikwa. Maji yalikuwa hayajatekwa. Alifungua mdomo kama alivyozoea, jina la mwanawe likiwa kwenye ncha ya ulimi.

Akaufunga. Akaenda kubandika maji mwenyewe, polepole, na kutoka jikoni alimsikia akihesabu: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Hakuna aliyemwita.